Kinu cha Mama Somjit

Kupika? Hapana, Marie-Jeanne, mimi sikwenda kule kujifunza kupika. Muzee wa miaka sabini na mbili ajifunze kupika, ampikie nani? Mimi nilienda kuchunga dada yako. Mama yako ndiye alinipa hiyo kazi: "Papa, Estella asitoke machoni pako." Na hakutoka. Nilimwona vizuri sana, yeye na yule kijana. Shida ilikuwa ndiyo hiyo.

Ngoja, niwekee ule mto nyuma. Bon.

Wewe ulikuwa kwenye kambi ya kanisa. Baridi ya Joburg ilikuwa imeniingia kifuani, nakohoa kama gari ya zamani, ndipo mama yako akasema twende Durban kwa mama yako mdogo Deborah, kule mtaa wa Point, wiki mbili. Mwezi wa saba, mtoto wangu, na jua kule ni kama mtu amesahau kufunga mlango. Unaamka, dirisha liko wazi, hewa ni nzito na tamu, inanuka chumvi na mkate wa jirani. Kifua kikapona siku ya tatu. Sikumwambia mtu.

Lakini mama yako hakuwa na amani. Kwa sababu Durban ndiko alikokuwa Armel.

Wewe Armel unamjua leo. Zamani zile ulimwona mara moja tu, ile siku ya Pasaka alipokuja nyumbani Yeoville na kaka yake na muzee mmoja wa kanisa, kujionyesha. Unakumbuka shati lake? Nyeupe, imepigwa pasi mpaka inakata. Mama yako alikuwa amepika tangu saa kumi na moja asubuhi: bukari ya kukanda na mkono, sombe ya majani ya muhogo, samaki mzima na kichwa chake. Alikuwa ameshamkubali, wewe! Alikuwa anaimba jikoni. Halafu akaleta sahani, na yule kijana akasimama, akamnyang'anya sahani kwa upole, akavuta kiti, akasema, "Mama, umechoka. Kaa hapa mbele yangu, tukule pamoja." Akachukua kile kichwa cha samaki akamwekea mama yako.

Nyumba ikanyamaza. Hata friji nafikiri ilinyamaza.

Nyinyi wa kuzaliwa huku hamjui, acha nikuambie. Kwetu kule milimani, juu ya ziwa, mukwe na mama-mukwe hawaonani vinywa. Watasalimiana kwa mbali, macho chini. Kukula mbele ya mwenzake, hapana. Ndiye alimzaa mke wako, utamwangalia vipi akitafuna? Hata kusema naye unasemea kwa mtu mwingine, "Mwambie mama hivi, mwambie mama vile." Mpaka siku utaleta mbuzi wa kufungua kinywa. Hapo mkeka wa kuwatenga unaondolewa, mnakaa meza moja.

Mimi mwenyewe, na mama yake mke wangu, nyanya yako Godelive, tulikula nyumba moja miaka tisa na mkeka wa matete katikati. Nilimjua kwa kikohozi. Nilimjua kwa kicheko. Kila mwaka nasema mbuzi nitaleta, mbuzi nitaleta, na kila mwaka iko shida nyingine. Akafa. Siku ya matanga nikasikia wanawake wanasema, loo, ule mwanya wake mzuri wa mbele! Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Miaka tisa nimekaa na ule mwanya, sijauona.

Basi, mtu anayekuja kuoa halafu anamwita mama-mukwe kukula uso kwa uso, anasema nini? Anasema wewe si mama-mukwe wangu. Mama yako alitoka, akafunga mlango wa chumba, akasema kule ndani kwa sauti tusikie wote, "Huyu hakuja kuoa. Amekuja kushiba."

Ikaisha hivyo. Estella alilia mpaka macho yakawa madogo. Armel akarudi Durban na shati lake. Na baada ya miezi miwili akatokea Steve wa Pretoria, mwenye miwani, anayeongea taratibu kama anasoma. Watu wa Steve wakasema watakuja kubisha mlango, kuposa, Jumapili ile ile tunayorudi kutoka Durban. Mama yako akasema waje.

Sasa tufike kwenye chakula.

Deborah anasuka nywele pale mjini, na kati ya watu wake iko mama mmoja wa Thailand, anaitwa Somjit. Mume wake alikuwa fundi wa meli, wakakaa Durban miaka ishirini. Mama Somjit anafundisha wasafiri kupika chakula cha kwao, nyumbani kwake kule juu Berea. Mikono yako mwenyewe, unatwanga, unakaanga, mwisho mnakaa mnakula. Deborah akasema, "Dada, amenipa nafasi tatu, zawadi. Jumamosi. Nendeni mpumzishe mawazo."

Mimi nilijua. Mungu anisamehe, nilijua tangu Jumatano. Deborah alininong'oneza, "Papa, nafasi ziko nne. Ya nne nimempa mtu."

"Mtu gani?"

"Papa, usiulize kitu ambacho utalazimika kumwambia dada Bernadette."

Nikaacha kuuliza.

Tukapanda taxi mpaka juu. Berea, mtoto wangu, ni mgongo wa mji. Nyumba za zamani na miti mikubwa, na kati ya ghorofa na ghorofa unaona kipande cha bahari, kidogo tu, kama kitambaa mtu ameanika. Nyani wadogo wanatembea juu ya ukuta kama wenye nyumba. Mama Somjit alitupokea kwenye baraza. Mwanamke mfupi, amechomeka kijiko kwenye nywele, na alinikamata mkono kama ananijua. "Baba! Karibu, karibu, eish, wewe mwembamba, leo utakula!" Hayo alisema kwa Kiingereza chake, Estella ananigeuzia kwa Kiswahili.

Wazungu wawili wa Holland walikuwa pale tayari, mume na mke, wekundu kwa jua, kila mji wanaofika wanajifunza chakula. Na kule mwisho wa baraza kijana mmoja alikuwa ametupa mgongo, anafunga aproni.

Akageuka.

Mimi nimeona mengi. Nimeona ziwa likipanda. Lakini sijaona watu wawili wakiangaliana kama Estella na Armel asubuhi ile. Estella alikuwa ameshika mkoba wangu wa dawa, na ule mkoba ukaanza kushuka polepole, polepole, mpaka ukagusa sakafu, na yeye hajui.

"Papa," mama yako akasema. Sauti ya chini kabisa. "Twende."

"Twende wapi? Mimi nimeshakaa."

"Papa, inuka."

"Kifua," nikasema. Nikakohoa kidogo. Mungu anisamehe na hiyo.

Mama Somjit akaleta maji, akaleta feni ndogo ya mkono, akamvalisha mama yako aproni kabla hajajua. Mama yako akasimama pale na aproni ya maua, anamwangalia Armel toka kichwa mpaka viatu. Halafu akaniambia mimi, "Sawa. Mimi nikimbie mtoto? Yeye ndiye atoke." Armel akainamisha macho, lakini hakutoka.

Halafu shida ya kinu. Vinu vya jiwe vilikuwa vitatu. Wazungu wakachukua kimoja. Mimi na Estella kimoja, kwa sababu mimi nilimshika mkono, ndiyo kazi yangu. Kikabaki kimoja na watu wawili.

"Nyinyi pamoja!" Mama Somjit akasema, anapiga makofi. "Mmoja anatwanga, mmoja anatia!"

Ungeona. Mama yako upande huu, Armel upande ule, na kinu katikati kama kaburi la paka.

Vitu vilikuwa mezani: pilipili za kijani, vitunguu saumu, mchaichai, majani ya ndimu yanayonuka mpaka unafunga macho, na mzizi mmoja kama tangawizi lakini si tangawizi. Mama Somjit akasema, na Estella akanigeuzia, "Anasema, Babu, kwao kijana akitafuta mke haangalii uso. Anapita nyuma ya nyumba anasikiliza kinu. Kinu kinasema yote. Mvivu, mwenye hasira, mwenye subira, kinasema."

"Basi mwambie asikilize changu," nikasema. "Atasikia mjane mwenye njaa."

Mama Somjit alicheka mpaka kijiko kikaanguka. Estella naye akacheka, mara ya kwanza tangu Pasaka, na Armel aliposikia kile kicheko akasimamisha mchi hewani. Alifunga macho. Nilimwona. Kama mtu aliyekuwa na kiu anasikia maji chumba cha pili.

"Papa," mama yako akasema, "mwambie huyo atwange, asisinzie."

"Wewe uko naye meza moja, unanituma mimi?"

"Mwambie."

"Kijana, umesikia."

"Ndiyo, muzee." Akatwanga.

Na alijua! Hatwangi kwa haraka. Tu, tu, tu, mkono mmoja umefunika mdomo wa kinu ili pilipili isirukie macho ya mama yako. Harufu ikapanda, ya kijani, ya kuuma na tamu. Nyani wawili wakaja kukaa juu ya ukuta. Upepo ukaleta kelele ya mji kutoka chini, hooter za taxi, lakini mbali, kama za mji mwingine. Nikasikia usingizi mtamu, ule wa kanisani. Mama yako alikuwa anatia mchaichai, anaangalia pembeni. Lakini sikio lake, mtoto wangu. Sikio lake lilikuwa kwenye kile kinu.

Baadaye Mama Somjit akahitaji majani zaidi ya ndimu. Mti uko nyuma, bustanini. Akamtuma Estella. Halafu akamtuma Armel na mkasi. Deborah alikuwa amemwambia nini yule mama, sijui.

"Papa!" mama yako akasema.

"Naenda, naenda." Nikaenda kuchunga.

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, hatua kama sita. Mti wa ndimu ulikuwa mfupi, wao wawili wamesimama huku na huku, majani katikati ya nyuso zao.

"Umekonda," Estella akasema.

"Ni simu. Natengeneza simu kutwa nzima, zote za watu wanaopigiwa. Yangu haipigwi."

"Mama alichukua namba yako akaifuta."

"Najua. Mimi sikuifuta yako."

Mkasi unakata, jani linaanguka.

"Armel, Jumapili watu wa Steve wanabisha mlango."

"Nimesikia."

"Umesikia, na unakata majani?" Sauti ikapanda, akaishusha. "Sema kitu. Hata uniambie tupande basi leo. Nitapanda. Nimevaa viatu vya kutembea."

Mimi pale kwenye ndoo nikainuka nusu. Sasa, Athanase, ndiyo kuchunga huko, nikajiambia. Lakini Armel akaweka mkasi chini. Akachukua jani moja akalivunja, akamwekea kwenye kiganja, akamkunja vidole kimoja kimoja. Ndiyo kumgusa kote alikomgusa.

"Sikuibi," akasema. "Nikikuiba leo, utakula na mimi miaka yote ukiwa unamkumbuka mama yako. Mimi najua kukula bila mama ni nini. Nataka nipite mlangoni."

"Mlango umefungwa!"

"Basi nitakaa nje ya mlango mpaka saa ya mwisho. Leo bado."

Estella akapeleka kile kiganja puani, akafunga macho, machozi yakapita pembeni. Mimi nikageuka kuangalia nyani. Kuna wakati mchungaji lazima aangalie nyani.

Estella akatangulia ndani. Mimi nikamshika kijana mkono pale kwenye bomba, dirisha la jiko likiwa juu yetu.

"Wewe," nikasema. "Ile Pasaka. Ulijua ulichofanya?"

"Sikujua, muzee. Nilikaa siku arobaini sijui. Nilifikiri samaki ilikuwa mbaya." Akanawa mikono, anaisugua sana. "Mimi nililelewa na kaka yangu pale Point, chumba kimoja, wanaume watatu. Sufuria moja. Anayechelewa analala na njaa. Kwetu sisi, mtu akikuambia kaa ukule, amekupa kila kitu alicho nacho. Mama yangu alikufa sijaota meno. Nilipomwona Mama Estella na zile sahani, nikasema moyoni, leo na mimi nitakula na mama. Basi. Ndiyo ilikuwa akili yangu yote."

Nikamfungia bomba.

"Halafu ulijuaje?"

"Nilienda nauliza. Kila mama wa kwetu anayeleta simu dukani nikawa namuuliza, mama, nimekosa wapi? Wengine walicheka. Mmoja akanipiga na mkoba."

Hapo juu, dirisha la jiko likafungwa. Taratibu. Sikuona nani. Lakini aproni ya maua niliiona.

Tukarudi. Sufuria ziko motoni, tui la nazi linachemka, lile rojo la kijani linayeyuka ndani. Mama Somjit ana sheria moja: unaonja. Kila dakika unaonja. Chachu, tamu, chumvi, kali, vyote vinne vikae kama ndugu. "Onja! Onja!" Akampa Armel kijiko ampe mama yako.

Armel hakumpa mkononi. Alikiweka mezani, akarudi hatua mbili, akageuka kuangalia dirisha. Mama yako akaonja. Armel hakugeuka mpaka kijiko kikalia kwenye sahani.

"Unamwona?" mama yako akaniambia. "Ananionea kinyaa."

"Hm," nikasema.

"Onja!" Mama Somjit tena, baada ya sukari. Mama yako akachukua kijiko, akakipandisha, akakisimamisha mbele ya kinywa. Akangoja. Alikuwa anamjaribu, mimi mtoto wangu namjua. Kijana akageuka tena, akaangalia ukuta, akaangalia nyani, akaangalia mbingu ya Durban yote. Mama yako akakaa na kile kijiko mpaka kikapoa. Kijana bado mgongo.

Mara ya tatu ilikuwa ile saladi ya papai bichi. Papai bichi, Marie-Jeanne! Kwetu analishwa nguruwe. Wanaikata nyembamba kama nyuzi, wanaitwanga na pilipili na ndimu na maji ya samaki yanayonuka kama soko saa tisa. Na ni tamu! Lakini kali. Mama yako akaweka kinywani, akashikwa. Akakohoa, machozi, anatafuta maji na mikono. Estella yuko mbali, ameshika sufuria ya moto. Armel akasikia. Akachukua glasi, akatembea kinyumenyume, kinyumenyume kabisa, anapapasa meza kwa mkono wa nyuma, akaiweka karibu na vidole vya mama yako, akaondoka hajaangalia. Alimgonga mzungu njiani. Akamwomba mzungu pardon, bado hajageuka.

Mama yako alikunywa. Akafuta macho. Aliendelea kuyafuta hata baada ya pilipili kuisha.

"Papa," akasema.

"Mm."

"Na yeye mwenyewe hajaonja. Tangu asubuhi. Hajaweka kitu kinywani."

"Nimeona."

"Amesimama saa tatu na njaa."

"Nimeona, Bernadette. Wewe umeona saa ngapi?"

Akaniuliza kitu kingine, akiwa anachora meza na kidole. "Hiyo habari ya kukula na mama. Pale bombani. Ni kweli?"

"Uso wake ulikuwa wa kweli."

Akafunga macho kidogo. "Nilimpa mlango," akasema. "Mtoto alinipa kichwa cha samaki, mimi nikampa mlango."

Marie-Jeanne, ningeweza kumsukuma pale, neno moja tu. Lakini nikawaza mimi miaka tisa nilisukumwa na kila mtu kuhusu ile mbuzi, na sikwenda. Mtu anaenda na miguu yake.

Mama Somjit akapiga sufuria na kijiko. "Kukula! Wote mezani!"

Meza ndefu, kwenye baraza, majani ya ndizi juu yake. Ule mchuzi wa kijani na kuku, lile papai, samaki wa kukaanga, na wali unaonata kwenye vikapu vidogo. Ule wali, mtoto wangu, unachukua kwa mkono, unaukanda, unachovya. Bukari! Nikasema hawa ni ndugu zetu, walipotea njiani. Wazungu wakakaa. Mama yako akakaa. Mimi nikakaa. Estella amesimama nyuma ya kiti, anaangalia pande mbili, uso umekuwa kama karatasi.

Armel akavua aproni. Akasema kwa Kiingereza kwa Mama Somjit, halafu kwa Kiswahili, akiongea na mimi, macho chini:

"Muzee, mwambie mama asante kwa kunivumilia. Nyinyi mkule. Mimi nitakula huko nje, kwenye ngazi."

"Hapana!" Mama Somjit akasimama. Alikuwa amekasirika kweli. Kwake mtu hawezi kupika halafu akakule na nyani. "Kiti kiko! Hiki hapa, mbele ya mama! Kaa!" Akakivuta kile kiti. Mbele kabisa ya mama yako, kama ile Pasaka.

Armel akaangalia kile kiti. Nikaona jinsi alivyokiangalia. Alikuwa na njaa ya saa tatu na njaa ya miaka ishirini na sita. Akatikisa kichwa, akaanza kushuka ngazi.

Ndipo mama yako akasimama.

Estella akasema, "Mama, nakuomba," sauti imekatika. Alifikiri anaondoka. Hata mimi nilifikiri.

Mama yako akachukua kiti chake yeye. Akakiinua, kizito kile, cha mbao. Akakizungusha, akakipeleka mwisho wa meza, akakiweka kikiangalia ukuta. Akachukua sahani yake, akakaa, akatupa mgongo sisi wote. Wazungu wakaangaliana. Mama Somjit akafunika mdomo. Estella akaanza kulia, kwa sababu alifikiri ule mgongo ni ule wa Pasaka.

"Estella," mama yako akaita, bado anaangalia ukuta. "Acha kulia, unatia chumvi kwenye chakula. Leta kiti kingine. Kiweke hapa nyuma yangu. Karibu. Kiguse changu."

"Kiti cha nani, Mama?"

"Mwambie mukwe wangu apande ngazi. Wali unapoa."

Mwanangu, sikia hilo neno.

Asubuhi nzima alikuwa anasema "mwambie huyo," kwa hasira. Sasa "mwambie mukwe wangu," na ni heshima. Maneno karibu ni yale yale! Estella alisimama hajaelewa, anatazama ule mgongo, anatazama mimi. Nikamwambia, "Binti, kwetu ungekuwa mkeka. Hapa hakuna mkeka, mama yako ametoa mgongo wake. Kimbia na kiti!"

Akakimbia. Aliangusha kikapu kizima cha wali, hakuna aliyejali. Armel alipanda zile ngazi nne kama ni mia moja. Akakaa, mgongo wake kwa mgongo wa mama yako, mbao kwa mbao. Estella akamwekea chakula, na alipoinama, nywele zake zikapita kwenye shavu la yule kijana, na wakaangaliana hapo karibu kabisa, pumzi kwa pumzi, na hakuna mtu wa kuwachunga, kwa sababu mchungaji alikuwa anatafuta kitambaa chake.

"Estella," mama yako akasema kwa ukuta. "Pigia Mama yako mdogo Deborah simu. Awaambie watu wa Steve wasipoteze petroli."

"Ndiyo, Mama."

"Na mwambie mukwe wangu jambo moja. Mbuzi wa kufungua kinywa, alete mapema. Asifanye kama babu yako. Mgongo unauma hivi."

"Mwambie mama," Armel akasema, na sauti ilikuwa imejaa maji, "mwambie mama nitaleta kabla ya Krismasi."

"Kabla ya Krismasi ya mwaka huu," nikasema mimi. "Semeni mwaka."

Wakacheka wote wawili. Na kwa sababu viti vilikuwa vimegusana, mmoja akicheka kiti cha mwingine kilitikisika. Nilimwona Armel amesimamisha tonge hewani, anasikiliza ule mtikisiko mgongoni mwake. Halafu mama yako, bila kugeuka, akapitisha mkono nyuma, na sahani ndani ya mkono. Juu yake kichwa cha samaki.

Estella akakipokea, akamwekea. Akavuta kiti chake, akakaa pembeni yao, bega lake kwenye bega la Armel. Mama Somjit akakaa, anafuta macho na aproni. Na mimi nikakanda wali wangu, nikachovya, tukakula.